Mashine ya Mawimbi na Kiuno cha Fundi



Tangu Rajabu kila anayeingia dukani kwetu anauliza mambo mawili: gauni litakuwa tayari lini, na ile mashine ya kiuno imemfaa nini dada yenu mkubwa? La kwanza tunalijibu kwa kufungua daftari. La pili halijibiki kwa neno moja huku mtu amesimama mlangoni na mwamvuli, ndiyo maana tumekaa sote tukaliandika, dada mwenyewe akiwepo na kwa ruhusa yake. Amesema tuandike kila kitu isipokuwa jina lake, maana mume wake hapendi.

Sisi ni watatu. Tunashona magauni ya harusi, mashela, nguo za maharimu na abaya za shanga. Dada mkubwa ndiye mkataji, na ndiye anayetia shanga. Kukata ni kazi ya kuinama juu ya meza, na kutia shanga ni kazi ya kujikunja juu ya mapaja saa tatu, saa nne, mpaka jicho lichoke. Shela moja la mkia mrefu humla siku tano. Mwenye kufanya kazi hiyo miaka kumi na tano, akazaa watoto wanne katikati yake, akachota maji na kufua kwa mkono, kiuno chake kina haki ya kulalamika.

Lakini cha dada kilipita kulalamika. Madaktari wanasema maumivu yakizidi wiki 12 huitwa sugu. Yake yalikuwa yanaingia mwaka wa pili. Asubuhi alikuwa anashuka kitandani kwa ubavu kama mzazi. Akikaa hawezi kuinuka, akiinuka hawezi kukaa. Gari la abiria likipita kwenye shimo tulikuwa tunamwona anauma mtandio. Kilichomuumiza roho zaidi ni sala. Dini yetu ina wepesi, mgonjwa anasali ameketi na sala yake ni timamu, hilo analijua na sisi tunalijua. Akawekewa kiti. Ijumaa ya kwanza alipomaliza alilia, akasema, "Nimeikosa ardhi." Tulinyamaza, hatukuwa na la kumwambia.

Msidhani alikaa tu bila tiba. Alikandwa kwa mafuta ya habasoda na ya mnyonyo. Alipiga chuku, ile hijama, kwa mama mmoja msafi mwenye vifaa vyake vipya, akapata nafuu ya siku chache kila mara. Alivaa mkanda wa kiuno chini ya gauni mpaka ukamtoa vipele vya joto. Alimeza vidonge vya maumivu hadi tumbo likaanza kuwaka. Alipiga picha, na daktari akaitazama akasema mifupa ni ya umri wake, hakuna kilichovunjika wala kilichooza, haya ni maumivu ya kiuno yasiyo na sababu moja ya kuonyesha kwa kidole. Dada alirudi na hasira kama kaambiwa anasingizia. Baadaye tukaja kufahamu kwamba sivyo. Katika kila watu 100 wenye maumivu ya kiuno, kama 90 hivi ndivyo walivyo: maumivu ni ya kweli kabisa, ila picha haionyeshi mwizi.

Habari ya mashine ililetwa na shangazi wa bibi harusi mmoja, anaishi Maskati, alikuja kupima nguo. Alimwona dada anavyoinuka kwenye kigoda akasema, "Mwanangu, na wewe kiuno? Kule kwetu wananipiga mashine ya mawimbi." Alilieleza kwa mikono, tak tak tak tak, mpaka tukacheka. Usiku ule dada hakulala. Wiki ya pili yake akawa amepata mahali Dar es Salaam wanapoifanya, na bei ya kikao kimoja. Hatutaitaja kwa shilingi kwa sababu bei hubadilika na kila mahali wana yao, ila kwa hesabu yetu ya dukani ilikuwa sawa na ujira wa kushona gauni moja la harusi bila kitambaa. Vikao vitano, kimoja kwa wiki. Na nauli ya boti kwenda na kurudi mara tano.

Aliuza bangili moja. Alikuwa nazo nne, za mahari yake. Mahari ni mali ya mwanamke, haombi ruhusa kwa mtu, na mume wake kwa insafu hakusema neno. Sisi ndio tuliosema, na tulisema mengi, kwa kuwa tulikuwa tunajua anapouza ya kwanza macho yake yameshatazama ya pili.

Kabla hajapanda boti tulitaka kujua hicho kitu ni nini. Mdogo wetu ndiye msomaji, akakaa na simu usiku mbili tatu, na dada akauliza maswali kule kule kliniki. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mawimbi haya hayakuanzia kwenye kiuno. Yalianzia kwenye mawe ya figo. Huko Ujerumani kulikuwa na kampuni ya ndege ya Dornier, na wahandisi wake walikuwa wanachunguza matone ya mvua yanavyoiathiri ndege inayokwenda kwa kasi kubwa mno. Wakaona kwamba mshtuko unaweza kupita ndani ya kitu na kuvunja kilicho ndani. Wakashirikiana na madaktari wa Munich, na Februari 1980 mgonjwa wa kwanza akavunjwa jiwe la figo bila kupasuliwa. Subhanallah, kutoka tone la mvua. Baadaye madaktari wa mifupa wakaichukua kwa nguvu ndogo zaidi, wakaijaribu kwenye mifupa isiyounga, mabega yenye chokaa, visigino. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya namna hii kwa maumivu ya kisigino mwaka 2000. Kiuno kimekuja nyuma.

Kuna aina mbili, na hili mliulize mkifika popote. Moja huyakusanya mawimbi yakakutana mahali pamoja ndani ya mwili, kama kioo kinavyokusanya jua, na hufika ndani. Ya pili, ambayo ndiyo rahisi zaidi kwa bei na ndiyo aliyopigwa dada, ina mpini kama bastola ya kupulizia rangi. Ndani ya mpini mna kipande cha chuma, upepo uliobanwa unakisukuma kwa kasi kinakwenda kugonga kichwa cha mbele, na kichwa hicho kimewekwa kwenye ngozi. Nguvu yake ni kubwa pale juu ya ngozi na hupungua kadiri inavyoingia, ikifika sentimita 3 au 4 imeshachoka. Wataalamu wa fizikia wanasema hata jina la wimbi la mshtuko si lake hasa, ni wimbi la mgandamizo. Kwa mwanamke mwenye nyama zake kiunoni, na wengi wetu alhamdulillah tunazo, sentimita 3 ni safari fupi. Inafika kwenye misuli ya juu. Pingili na diski ziko mbali.

Inavyodhaniwa kufanya kazi ni kwamba vile vipigo huamsha mzunguko wa damu mahali palipokakamaa, huzichosha neva zinazopeleka habari ya maumivu, na huufanya mwili udhani pameumia upya hivyo uanze kukarabati. Mwenzetu mmoja alisema ni kama kukandwa na mtu mwenye haraka. Dada alisema asiyepigwa asicheke.

Sasa suala la stara, ambalo najua nusu yenu ndilo mlilosubiri.

Kiuno hakitibiwi juu ya abaya. Kinafunuliwa, kinapakwa jeli, kinashikwa kutafutwa mahali panapouma. Dada alipopiga simu swali lake la kwanza halikuwa bei, lilikuwa, "Yupo mtaalamu mwanamke?" Wakamwambia yupo siku mbili kwa wiki. Akachagua siku hizo, na mmoja wetu akafuatana naye kila safari. Kwa tunavyofundishwa, mwanamke hutibiwa na mwanamke anapopatikana, na dharura ikimlazimisha kwa mwanamume basi asiwe naye faraghani peke yake na kisifunuliwe zaidi ya haja. Msione haya kuuliza. Kliniki yoyote yenye adabu imeshaulizwa swali hilo mara nyingi, na ikikujibu kwa kejeli umeshapata jibu la pili pia.

Lakini hata mbele ya mwanamke mwenzake dada hakupenda kuvua. Basi mdogo wetu alimshonea gauni. Pamba laini ya rangi ya kijivu, mikono mirefu, refu hadi miguuni, na nyuma kiunoni amekata dirisha la upana wa viganja viwili, likafunikwa na kipande cha kitambaa hicho hicho chenye zipu pande mbili. Ukilala kifudifudi unafunguliwa dirisha tu. Mtaalamu alilitazama akasema katika kazi yake yote hajaona mgonjwa aliyekuja na mlango wake.

Kikao chenyewe ni kifupi. Aliulizwa maswali kwanza, na la mwanzo kabisa lilikuwa: una mimba, au unahisi unaweza kuwa nayo? Tutalirudia hili huko mbele kwa sababu linawahusu bibi harusi kuliko mtu mwingine yeyote. Akaulizwa kama anameza dawa za kuyeyusha damu, kama ana kifaa cha moyo, kama amewahi kuwa na saratani, kama amechomwa sindano ya kupunguza uvimbe kiunoni wiki za karibuni. Kisha akalazwa kifudifudi na mto chini ya tumbo. Mtaalamu akamgusa gusa kwa dole gumba mpaka dada akaruka. Hapo hapo akapaka jeli.

Vipigo vilikuwa 2,000 kila upande, kumi kwa sekunde. Ukipiga hesabu ni dakika 3 na sekunde 20 kwa upande mmoja. Mgandamizo walianza na baa 1 na nusu, baadaye wakapanda hadi 2 na nusu. Upepo wa gurudumu la gari dogo ni kama baa 2 na ushei, kwa hiyo mnaweza kukisia. Sauti ni ya cherehani ya umeme kwenye kitambaa cha jinzi. Dada anasema dakika ya kwanza inauma maumivu ya kweli, ya pili unayazoea, ya tatu panakufa ganzi. Anaulizwa kila mara, "Kwa sifuri mpaka kumi, ngapi?" Ikifika saba mtaalamu anapunguza. Jioni ile palikuwa pekundu na pazito, kesho yake pameacha alama ya kijani kibichi kama tunda la shokishoki halijaiva. Siku ya tatu haipo. Aliambiwa asimeze vidonge vya kupunguza uvimbe siku za karibu na kikao, maana kinachotakiwa ni huo huo mwili uamke.

Akitoka hapo hakuachiliwa. Dakika 20 alifundishwa mazoezi. Kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua makalio na kushusha. Kupiga magoti na viganja chini, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kinyume. Kutembea nusu saa kila siku. Alichukia. Alisema amelipa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya kutambaa kama mtoto. Lakini mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa chuo, alimwambia, "Mwanangu, hii mashine inakufungulia mlango tu. Kupita utapita kwa miguu yako." Akampa na karatasi ya kutia alama kila siku, akasema ataikagua.

Matokeo ndiyo haya, bila kuongeza chumvi. Kikao cha kwanza na cha pili, hakuna, isipokuwa uchovu wa boti. Baada ya cha tatu alirukuu. Hakusujudu, alirukuu, akabaki pale kiasi cha kutaja tasbihi zake, akainuka. Baada ya cha nne alipanda ngazi za nyumba yao bila kushika ukuta. Baada ya cha tano, Alfajiri ya Jumatatu, mtoto wake alitupigia simu akasema, mama kaweka kiti nje. Tulijua maana yake. Maumivu hayajaondoka yote. Kwa sifuri mpaka kumi alikuwa nane, akawa tatu, siku za kazi nyingi nne.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo bado linatukera. Alipokwenda kumaliza, mtu wa mapokezi, si yule mtaalamu, alimwekea karatasi mezani: vikao kumi zaidi, vilipwe vyote kwa pamoja, punguzo litakwisha Ijumaa. Akamwambia akiacha sasa maumivu yatarudi mara mbili. Dada akarudi na karatasi ile mkobani na mkono mmoja juu ya bangili ya pili.

Tulizungumza siku tatu. Mdogo wetu alikuwa anasema auze, kiuno ni mtaji, dhahabu itanunuliwa tena msimu ukiwa mzuri. Mwengine alisema asiuze hata punje. Dada mwenyewe hakusema, alikuwa anaogopa. Mtu aliyeonja sijda baada ya miaka miwili ukimwambia itaondoka tena, atauza na nyumba. Hilo lilikuwa linajulikana pale mapokezi, na ndilo lililotukera.

Kwa hiyo tukarudi kusoma, na hapa tunasema taratibu. Kuna majaribio yaliyofanywa kwa wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakipigwa mawimbi na wengine wakipewa tiba nyingine au mashine ya kujifanya. Ukiyakusanya, baadhi yanaonyesha waliopigwa walipata nafuu zaidi mwezi mmoja baadaye, hata miezi mitatu. Lakini mengi ni madogo, watu wachache wachache, mashine tofauti, nguvu tofauti, na wengi walikuwa wanafanya na mazoezi. Waliopitia utafiti wa aina hii mwaka 2011 walisema ushahidi hautoshi kuipendekeza. Wa miaka ya karibuni wana matumaini zaidi, ila nao wanataka majaribio makubwa. Na hakuna tulipoona kwamba asiyeendelea na vikao kumi maumivu yake yatarudi mara mbili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Linayopendekeza ni mazoezi, kumfundisha mgonjwa aelewe mwili wake, kukandwa na kunyooshwa na mjuzi, msaada wa nafsi kwa aliyekata tamaa, na vidonge vya kupunguza uvimbe kwa uangalifu. Yasiyopendekezwa kwa kawaida ni pamoja na mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni. Tuliposoma la mkanda tulitazamana, tukautazama ule wa dada umeninginia msumarini.

Dada akampigia yule mama mtaalamu, si mapokezi, akamuuliza kwa haki ya Mungu: vikao kumi? Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Fanya mazoezi miezi mitatu. Yakikushinda njoo tuone kimoja au viwili." Bangili tatu ziko mkononi mpaka leo.

Je, ni mashine iliyomponya, au mazoezi, au meza? Maana katika wiki hizo hizo sisi tulimwita seremala akainua meza ya kukatia kwa matofali manne ya mbao, sasa inafika kiunoni badala ya mapajani, na shanga zinatiwa kwenye fremu iliyosimama. Tukaweka pia saa ya simu, kila nusu saa lazima mtu ainuke, hata kama ni kumfukuza paka. Hatuwezi kuyatenganisha haya. Tunaona mashine ilimvunjia ile hofu ya kujigeuza, na mazoezi yakafanya kazi iliyobaki. Kwa mwenye uwezo, aliyekwisha kuonwa na daktari, si kitu cha kukimbia. Kwa asiye na uwezo, asijione amekosa ufunguo wa pepo. Mazoezi yale ni yale yale, na yanafanyika juu ya mkeka.

Sasa nyie bibi harusi.

Hapa kisiwani kiuno cha bibi harusi kina wenyewe wengi. Kungwi anakitaka, somo anakitaka, mashoga wanakitazama usiku wa hina. Msichana mwenye maumivu anaona haya kusema, anaogopa ataambiwa kashindwa kabla hajaanza. Msimu uliopita tulipima mmoja, mzuri, mwembamba, kila tukimwambia asimame sawa anahamisha uzito mguu huu na huu, jasho linamtoka. Tulipombana akasema ana miaka mitatu na kiuno na mama yake hajui. Gauni lake lilikuwa na mkia na shanga, likiwa kamili lina uzito wa mtoto wa miezi miwili mitatu. Tukalipunguza mkia, tukahamisha uzito mabegani kwa kitambaa cha ndani, tukamshauri viatu vya chini. Na tukamwambia amwambie kungwi wake. Alimwambia. Kungwi, mama mkongwe ambaye sote tulikuwa tunamwogopa, alimjibu, "Mbona hukusema mapema, tungekukanda kwa upole." Singo ikafanywa akiwa amelala ubavu.

Mwenye kufikiria mashine ya mawimbi kabla ya harusi, asiipange wiki ya harusi. Inaacha wekundu na pengine michubuko. Na kama umepiga chuku karibuni pale pale, subiri ngozi ipone. Baada ya harusi kuna la uzito zaidi. Hii mashine haipigwi kiunoni wala tumboni kwa mwenye mimba. Mwezi wa kwanza wa ndoa mwanamke hajijui, na kiuno kinachouma kinaweza kuwa ni habari njema yenyewe. Kama siku zako zimechelewa hata kwa siku mbili, pima kwanza, kile kipimo cha dukani cha bei ndogo. Na ukiulizwa swali hilo mbele ya mama mkwe aliyekusindikiza ukaona haya, omba kuulizwa peke yako. Usiseme hapana kwa sababu ya aibu.

Na yapo maumivu ya kiuno yasiyongoja mashine, kukandwa wala makala. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kabisa, ukafa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, miguu ikalegea: hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa harusi. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku na hayatulii ukilala vyovyote, kuanguka, au uliwahi kutibiwa saratani: daktari kwanza, na mapema. Hapa kwetu tusisahau na kifua kikuu, kinaingia hata kwenye uti wa mgongo.

Dada anaongeza mwenyewe, na ametulazimisha tuandike: mazoezi ya kupiga magoti anayafanya baada ya Alfajiri kabla watoto hawajaamka, juu ya mkeka wa ukili na kanga mbili chini ya magoti, dakika kumi na tano. Kutembea anatembea baada ya Alasiri, kutoka dukani hadi baharini na kurudi, akiwa na raba chini ya baibui. Watu walimcheka wiki ya kwanza. Sasa wapo wanawake sita wanaotembea naye, na wawili ni mawifi zake.

Lile gauni la dirisha tumelifua na kulipiga pasi, liko kabatini. Mwenye miadi ya kiuno aje achukue, hatukodishi, tunaazima. Akirudisha alifue kwanza, jeli ile ikikauka inagandisha zipu.